Kiti cha Kasarani: nilivyomchagulia mume wangu zawadi ya miaka 50

Mume wangu alitimiza miaka 50 tarehe 13 Agosti 2025, na miezi kadhaa kabla ya siku hiyo nilikwisha kuanza kujiuliza mtu kama yeye apewe kitu gani ambacho hajajipatia mwenyewe. Jezi za Arsenal anazo za misimu mbalimbali, nyingine zimechujuka hata jina la mgongoni halisomeki. Mechi za Uingereza huzitazama barazani pamoja na wenzake, na timu yetu ya Bandari ikicheza nyumbani Mbaraki, hapa Mombasa, huwa yuko ukingoni mwa uwanja, mvua inyeshe au jua liwake. Mwaka 2019, Bandari ilipotwaa Ngao, kombe la mtoano la Kenya, kwa kuifunga Kariobangi Sharks mabao matatu kwa moja, aliisimulia habari hiyo wiki nzima hata watoto wakaihifadhi kama shairi. Mimi kwa upande wangu nilikuwa sijui tofauti ya beki na kiungo, na ugumu wote ulianzia hapo, kwa sababu kumchagulia zawadi mtu katika jambo analolijua kuliko wewe ni kama kumuuzia mvuvi samaki.

Yeye ni karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, nami ni mwalimu wa shule ya msingi. Fedha niliyoweza kuitumia bila kuigusa karo ya watoto ilikuwa shilingi 40,000, zamu yangu katika chama chetu cha kuchangiana. Nataja kiasi hiki mapema kwa sababu ndicho kilichoamua mengi.

Wazo la kwanza, kama ambavyo kila mtu angelidhani, lilikuwa London. Mapenzi ya mume wangu kwa Arsenal yalishika mizizi Oktoba 1999, siku Nwankwo Kanu alipoifunga Chelsea mabao matatu katika robo saa ya mwisho, timu ikiwa imekwisha kufungwa mawili, na mpaka leo akiieleza mechi ile husimama kabisa kitini. Nilimwandikia binamu yangu anayeishi Uingereza kumwuliza inavyokuwa. Alinijibu kwamba tiketi hizo haziuzwi dirishani kama za sinema: mtu hujiandikisha uanachama kwa ada, kisha huingia katika kura ya kugawiwa tiketi, na anayekosa amekosa. Nilipomwuliza kama hakuna wanaouza pembeni, akanionya kwamba tangu mwaka 1994 sheria ya huko inahesabu kuuza tiketi za mpira bila idhini kuwa kosa la jinai, na kwamba anayenunua kwa njia hiyo anaweza kurudishwa langoni baada ya kusafiri nusu ya dunia. Tena kuna ada ya viza, taarifa za benki na nauli ya ndege, ambayo peke yake ingezimeza fedha za chama na bado ikadai nyingine. Akanipendekezea ziara ya kuzungushwa ndani ya Emirates, uwanja wa Arsenal, siku isiyo na mechi. Nilifikiri sana juu ya jambo hilo, nikaona kwamba viti 60,000 vitupu si mpira, ni samani.

Wazo la mechi ya wazee pale uwanja wa Tononoka, yeye na vijana aliocheza nao zamani, halikudumu hata siku mbili. Goti lake la kushoto halikubali ngazi za msikiti, sembuse mchezo wa dakika 90, na sikutaka kumaliza wiki ya sherehe nikimkanda kwa mafuta.

Keki yenye umbo la uwanja ilipendekezwa na binti yetu. Mavyaa, aliposikia, alisema kwa upole ule wake usiojibika kwamba kwao mtu akijaliwa umri husomewa dua, hakatiwi keki. Nilikubaliana naye zaidi ya alivyodhani, kwani mwanawe ni mtu anayeona haya akiimbiwa. Kwa hiyo dua ilipangwa, na biriani, na shughuli hiyo ikawa imepata mwenyewe. Mimi nilibaki na swali langu.

Jibu lilikuwa limekwisha kupita mbele yangu, ila sikulitambua siku ile. Tarehe 7 Februari alifariki Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyezaliwa Freretown, ng'ambo tu ya kisiwa chetu, na usiku ule mume wangu hakuwasha televisheni. Alizungumza habari za redio. Alisimulia redio ya marehemu babake, na betri zake zilizokuwa zikianikwa juani ukutani ili zipate nguvu ya kumalizia mechi, na jinsi yeye alivyokuwa akiagizwa kukaa karibu ili aushike waya wa eriali kwa mkono pale sauti inapokwaruza. Mwezi wa Agosti 1987, akikaribia miaka 12, alikuwa ameushika waya huo wakati Kenya ilipocheza fainali ya Michezo ya Afrika na Misri katika uwanja mpya wa Kasarani, Nairobi, ikafungwa bao moja kwa bila. Alisema kwamba kwa miaka mingi aliamini wamefungwa kwa sababu mkono wake ulichoka.

Watoto walicheka, nami nilicheka. Ni baadaye, nikisahihisha madaftari, niliposimama kwenye maneno mengine aliyoyasema kupitia tu: "Kasarani mimi naijua kwa masikio." Nilimwuliza asubuhi yake kama kweli hajawahi kuingia. Akanijibu kwamba Nairobi huenda kwa kazi na hurudi kwa treni ya usiku, na makaratasi ya forodha hayajui kama kuna mpira.

Wakati huo mashindano ya CHAN, yale ya wachezaji wanaocheza ligi za nchini mwao, yalikuwa yamesogezwa kutoka Februari hadi Agosti, na Kenya, Tanzania na Uganda zilikuwa zimekubali kuyaandaa pamoja. Ratiba ilipotoka niliipeleka kwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, kwa sababu nilihitaji mtu anayejua na anayeweza kunyamaza, na katika ukoo wao sifa hizo mbili hazikutani mara kwa mara. Kenya ingecheza na Kongo tarehe 3, Angola tarehe 7, Moroko tarehe 10 na Zambia tarehe 17, zote Kasarani. Mimi nilikuwa nimeielekea Zambia, kwa hesabu ya kimama kwamba huenda wakashinda. Shemeji alitikisa kichwa.

"Moroko, shemeji. Wale ndio waliokula karamu yetu."

Akanieleza kisa ambacho sikukijua: kwamba Kenya ilikuwa imepewa mashindano haya haya kwa mwaka 2018, ikanyang'anywa mwaka 2017 kwa kuchelewa kutayarisha viwanja, Moroko ikapewa badala yake, ikayaandaa na kuyashinda, kisha ikayashinda tena mara iliyofuata. Nilimwambia kwamba naogopa kumpeleka mtu kilomita karibu mia tano akashuhudie timu yake ikifungwa katika wiki anayotimiza miaka 50. Akasema kakake akishuhudia timu ikifungwa atalalamika mwaka mzima, na kulalamika ni nusu ya raha yake. Tarehe 10 ilikuwa Jumapili, shule zilikuwa zimefungwa, na kazini angehitaji ruhusa ya Jumatatu moja tu. Hapo nilikata shauri.

Tiketi za uwanja ziliuzwa kwa mtandao, na bei yake, kwa kweli, ilikuwa jambo dogo kuliko yote katika safari hii. Kijana mmoja aliyejuana na shemeji alitaka kutuuzia mbili kwa picha tu kwenye simu, kwa bei ya juu, akidai zinakwisha. Nilikataa, nikazinunua mwenyewe mahali zinapouzwa, kila moja na alama yake ya kusomwa langoni, nikazichapisha na kuzificha ndani ya daftari la mahudhurio, mahali ambapo hakuna mtu wa nyumbani kwetu atakayefungua kwa hiari yake.

Treni ndiyo iliyotaka akili. Unapoweka nafasi kwa simu, kwa *639#, unaulizwa namba ya kitambulisho cha kila abiria, na kitambulisho cha mume wangu hukaa ndani ya pochi yake, na pochi hukaa mfukoni mwake. Nilisubiri Ijumaa. Siku hiyo huvaa kanzu kwenda msikitini na suruali hubaki imetundikwa nyuma ya mlango. Nilipiga picha kitambulisho, nikairudisha pochi kama nilivyoikuta, moyo ukinidunda kama mwizi. Kwenda nilikata daraja la kwanza, shilingi 4,500 kila mtu, na kurudi daraja la kawaida, shilingi 1,500, jumla 12,000 kwa sisi wawili. Niliona kwamba mtu hufurahia starehe zaidi anapokwenda kuliko anaporudi amechoka. Chumba nilikitafuta karibu na Msikiti wa Jamia, katikati ya jiji, ili swala na chakula cha halali visitusumbue.

Kuna uamuzi mmoja ulionilaza macho zaidi ya fedha, nao ni nani akae katika kiti cha pili. Wanawake wenzangu wa chama waliniambia nimpe shemeji, kwamba mwanamume hufurahia mpira akiwa na mwanamume mwenziwe anayeuelewa. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, na nilikaa nayo siku nyingi. Mwishowe nilijisemea kwamba barazani anao wenzake kila wiki, na kwamba mimi nimekaa naye miaka 22 nikiwa chumba cha pili wakati wa mechi. Nilimwomba kijana wetu anifundishe. Kuotea alinieleza kwa vikombe na sukari mezani, mara tatu, na mara ya tatu nilielewa au nilijifanya nimeelewa. Shemeji nilimpelekea sinia la mahamri kwa kunyamaza kwake, naye alilipokea kama mtu aliyedhulumiwa.

Nilikuwa nimekusudia kumfichia mpaka kituoni, lakini sikushauri mtu afanye hivyo. Alhamisi, Kenya ilipotoka sare na Angola, nilimsikia akiwaahidi wenzake barazani kwamba Jumapili yeye ndiye atakayeleta kahawa na kashata, na nikaona kuwa siri ikizidi hapo itamfanya mwongo kwa watu. Nilimpa tiketi usiku ule. Alizisoma mbele na nyuma, akaniuliza za nani. Nikamwambia. Akanyamaza, kisha akauliza, "Na wewe utakwenda kufanya nini kule?" Nilimjibu kwamba nitakwenda kumwangalia mtu asiye mume wangu akicheza mpira. Alicheka mpaka akakohoa.

Jumamosi saa tisa alasiri tuliondoka Miritini, kituo cha treni cha Mombasa. Kupita Voi alinionyesha tembo wekundu wa vumbi la Tsavo, lakini kichwa chake kilikuwa mbele ya treni. Jumapili tulifika Kasarani mapema sana, muda wa saa nne kabla ya mechi kuanza, na bado tulikuta foleni ndefu malangoni; anayetaka kumpeleka mtu mwenye goti bovu na aende mapema kuliko sisi. Tulipopanda ngazi na uwanja ukatokea chini yetu wote kwa mara moja, alisimama katikati ya njia na watu wakawa wanatupita. Alisema nyasi ni mbali kuliko alivyofikiri. Hakusema jingine mpaka timu zilipoingia.

Dakika ya 42 Ryan Ogam alifunga. Sikuliona bao hilo, kwa sababu kila mtu aliyekuwa mbele yangu alisimama. Kabla ya mapumziko Chrispine Erambo akatolewa kwa kadi nyekundu, na hata mimi nilielewa kwamba watu 10 hawalingani na 11. Wakati wa mapumziko mume wangu alikwenda kuswali alasiri, akarudi uso umekunjamana.

Kipindi cha pili kilipoanza nilisikia sauti pembeni yangu, ya chini na ya haraka, na nilidhani anazungumza na jirani. Alikuwa anatangaza. Mpira uko kwa nani, unapelekwa upande gani, beki amejitokeza, kipa amedaka, hatari imeondoka: yote kwa Kiswahili kile cha redio, macho yake yakiwa uwanjani na mkono wake wa kulia umeshika chuma cha kiti cha mbele. Sidhani kama alijua anafanya hivyo, wala sikumkatiza, kwani kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa naufuata mpira. Moroko ilishambulia kwa dakika zote 45 na nyongeza, naye alitangaza mpaka sauti ikamkauka. Refa alipopuliza, Kenya ilikuwa imeshinda bao moja kwa bila. Aliketi. Aliutazama mkono wake, akaukunjua vidole kimoja kimoja.

Baadaye Madagaska ilitutoa kwa penalti katika robo fainali, na Moroko ikalichukua kombe katika uwanja ule ule, ikiwa imefungwa mechi moja tu katika mashindano yote. Mume wangu huwakumbusha watu mechi hiyo ni ipi, hata wasipouliza.

Jumatatu asubuhi, treni ilipokuwa inatoka Syokimau, kituo cha Nairobi, aliitazama tiketi yake ya kurudia kwa muda mrefu, akaniuliza namba ya kitambulisho chake nimeijulia wapi.