Siti ya mzee na paundi 380

Wadau habari za huko mliko. Mimi niko home Moshi likizo, wiki ya pili sasa, na leo sio stori ya kiwanja wala harusi, ni stori ya siti ya gari.

Mzee wangu ana RAV4 ile ya zamani, wenyewe mnaiita kilitaimu, kaiendesha mpaka siti ya dereva upande wa mlangoni imeisha kabisa, kitambaa kimechanika na sponji iko nje, ile ya njano ukiigusa unabaki na unga vidoleni. Upande huo ndio huwa unatangulia kwenye gari nyingi kwa sababu kila ukipanda na kushuka unausugua na paja, na mzee anashuka kila anapoona mtu anayemjua, yaani Kibosho nzima. Mama akatandika khanga juu. Khanga ikawa inateleza, mzee anakaa kwenye waya, suruali mbili za kanisani zimetoboka. Nikasema hii naimaliza mimi kabla sijaondoka.

Na nilisema kwa kujiamini maana siti nazijua. Mwaka juzi kule Reading, Uingereza, Yaris yangu (hiyo hiyo Vitz yenu) ilichanika pale pale, mimi nasambaza vifurushi usiku, napanda nashuka mpaka mara mia. Nikapeleka kwa fundi wa viti, akazunguka gari, akapiga picha, akaniambia paundi 380 kwa siti moja na nisubiri wiki tatu. Gari nimeinunua 1,900 jamani! Nikamuuliza hicho kitambaa ni cha dhahabu? Akasema kitambaa ni sehemu ndogo tu ya hiyo bei, unalipia masaa. Ndo kule, ukitaka mkono wa mtu uguse kitu chako jiandae.

Nikaagiza kava mtandaoni, paundi 25, nikajiona mjanja. Jamaa yangu mmoja Mkenya tunayefanya naye kazi akaniuliza, wewe umeangalia eabegi ya ubavuni, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari ikigongwa? Sikuwa hata najua kama siti ina eabegi. Kumbe kwenye gari nyingi ipo ndani ya mgongo wa siti upande wa mlango, kuna kilebo kidogo kimeshonewa pale, na mshono wa pale sio mshono tu, umeshonwa kwa makusudi uachie eabegi ikifumuka. Sasa ukivalisha kava limebana pande zote umeifungia ndani kama kuku kwenye gunia. Kava nikalirudisha.

Ikabidi niende sehemu wanayouza gari zilizokufa, nikapata siti nzima ya Yaris kama yangu, paundi 60, safi, ina nywele za mbwa tu. Kubadilisha ni bolti nne, spana namba 14, mtoto anaweza. Kazi iko kwenye waya za chini, ile plagi ya njano ndio ya eabegi, hugusi mpaka utoe betri kwanza na usubiri, Toyota wenyewe wanasema sekunde 90, mimi nilikaa nusu saa nakunywa chai kwa woga. Nikatoa siti ya zamani vizuri tu, halafu sijui shetani gani akanituma nirudishe betri niwashe redio kabla sijachomeka plagi ya siti mpya. Taa ya eabegi kwenye dashibodi ikawaka na haikuzima, hata nilipochomeka. Na MOT ilikuwa wiki ijayo, ule ukaguzi wa kila mwaka, taa hiyo ikiwaka unafeli. Nikalipa mtu mwenye mashine paundi 40 aifute, dakika tano.

Kwa hiyo nimefika hapa Moshi nina elimu yangu. Mdogo wangu akataka tuende Arusha, anasema kule kuna mafundi wanaoshona siti za Land Cruiser za watalii, zile wanazikata wanazirefusha wanaweka paa la kufunguka, na kweli wale jamaa ni noma, ila kilomita 80 kwa siti moja mzee asingeelewa. Tukaenda Majengo, kibanda cha mabati, cherehani moja nzito, marobota ya reksini, ile ngozi ya bandia, yamesimama ukutani. Mdogo wangu akaniambia bro bei niachie mimi, wewe ukifungua mdomo tu inapanda. Nikanyamaza. Laki moja ikashuka mpaka elfu 75, siti moja, sponji ndani yake.

Fundi ni kijana tu. Kabla hajagusa nikachungulia ubavuni kutafuta kilebo, akacheka, "braza hii haina, zenye nayo nazijua". Nikamuuliza zenye nayo anafanyaje, akasema wateja wengi wanataka leza, yaani kava za ngozi, juu mpaka chini, hawataki kusikia. Hapo ndo roho iliniuma kidogo, gari ngapi mjini zimevalishwa leza za kung'aa na eabegi zimefungiwa.

Ila mkono wake, acheni. Hakupima kwa futi. Alikata zile pete za waya kwa plaizi, akavua kava lote, akachukua wembe akafumua mshono mmoja mmoja mpaka siti ikawa vipande kumi na kitu, kila kipande akakiandika namba kwa chaki, akakilaza juu ya kitambaa kipya, akachora pembeni yake. Siti ya zamani ndio ramani ya mpya. Akaniuliza reksini au kitambaa, nikasema reksini ubavuni kwenye kusuguliwa, kitambaa katikati, maana Januari ya Moshi ukikalia reksini gari ikiwa imeshinda juani unanyanyuka na ngozi. Saa nne asubuhi mpaka saa kumi kamaliza.

Mzee akaja jioni. Fundi akamwambia "meku, kaa", yaani mzee kwa Kichaga. Akakaa, akashika usukani, akaangalia kioo, akageuka kunitazama.

"Nani kaninyanyua?"

Sponji mpya ilikuwa imempandisha, kofia inagusa dari, na kwenye kioo anaona siti ya nyuma tu. Nikamwambia baba tutarekebisha kioo. Akasema siku nyingi kakaa vizuri, ile sponji yake iko wapi, irudishwe. Fundi akatuonyesha kwa kidevu tu. Kijana wake alikuwa ameikalia pale mlangoni, anakula ugali, na akasema hanyanyuki mpaka amalize.