Upande wa Pili wa Santuri

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Jumapili iliyopita, tukitoka ibadani, mama mmoja alinishika mkono: "Hivi ninyi ndio mlioimba ule wimbo? Mbona hamkutoa mwingine?" Nikacheka. Nilipofika nyumbani sikucheka tena. Wimbo ule redio iliupiga karibu mwaka mzima, kila Jumapili asubuhi, tukaalikwa mpaka mikoa ya mbali. Kisha kimya. Tulirekodi kanda nyingine mbili, na nakala zake nyingi ziko kwangu uvunguni hadi leo. Swali la yule mama limenikaa kooni wiki nzima kama mwiba wa samaki.

Basi nikaanza kusoma habari za wenzetu wa wimbo mmoja. Redio za Marekani kuanzia miaka ya 1950 ziliwatoa wengi: mwezi huu kila kijana anakuimba, mwezi ujao hata jina lako hawalikumbuki. Walionishika ni masista wawili. (Najua sisi si Wakatoliki. Nivumilieni.)

Sista Janet Mead alikuwa mwalimu huko Adelaide, Australia, na aliandaa misa zenye muziki wa roki ili kuwavuta vijana. Mwaka 1973 akarekodi santuri. Wimbo uliotegemewa ukawekwa upande wa kwanza. Upande wa pili wakajazia Sala ya Bwana, maneno yaleyale tunayoyajua, ila kwa magitaa ya umeme na ngoma. Watangazaji wakaigeuza santuri. Kufikia Aprili 1974 Baba Yetu ilikuwa namba 4 Marekani, imebanwa katikati ya nyimbo za mapenzi!

Aliombwa kufanya ziara, akakataa. Mapato yake akayatoa sadaka. Baadaye alisema kipindi kile kilikuwa kigumu mno kwake, hata imani yake ikatikisika. Akarudi kufundisha, na kwa miaka mingi akawahudumia watu wasio na makazi mjini mwake, mpaka alipofariki Januari 2022.

Hebu fungueni Mathayo 6, msome polepole. Kabla ya kutufundisha Baba Yetu, Bwana alisema nini? Usipige panda mbele yako. Ingia katika chumba chako cha ndani, funga mlango. Sala iliyozunguka dunia kwa redio ilitolewa kwanza kwa mtu aliyejifungia chumbani peke yake! Nimeikariri tangu utoto na sikuwahi kuliona hilo.

Ndugu yangu unayeamka usiku kuangalia wangapi wametazama video ya kwaya, nakusemesha wewe, nami nikiwemo. Mchungaji ambaye mkutano wako mmoja ulifurika, na tangu hapo viti vitupu, na wewe pia. Nani alikuahidi wimbo wa pili? Yule mgonjwa unayemwogesha kila asubuhi bila mtu kujua, Baba yako aonaye sirini anamjua, na wewe anakujua. Usiache. Tafadhali usiache.

Sista wa pili ni Mbelgiji, Jeanne Deckers. Desemba 1963 wimbo wake "Dominique" ulishika namba 1 Marekani. Fedha zikaenda kwa kampuni ya kurekodi na kwa shirika lake la kitawa. Mwaka 1966 akatoka utawani, na miaka ya baadaye serikali ikamdai kodi ya fedha ambazo hakubaki nazo. Alifariki mwaka 1985, amevunjika moyo na ana madeni. Sina mahubiri juu ya hilo. Nina aibu tu.

Maana wimbo wetu ule hatukuutunga sisi. Aliutunga mwalimu wetu wa kwaya, na fedha za kanda zikanunua kinanda ambacho tunakipiga hadi leo. Hakuomba hata nauli. Sasa ni mwaka wa tatu yuko kitandani kwa kiharusi. Na mimi, niliyenuna wiki nzima kwa kusahauliwa, nimekwenda kumwona mara moja! Kanisa zima tulikula wimbo wake, tukafuta midomo.

Jumamosi hii saa nne asubuhi naenda. Sauti zote nne za wakati ule, tukutane kanisani kwanza; kuna mchele, sabuni na mafuta ya kubeba. Mkewe anasema hawezi kutamka vizuri, lakini wimbo ukianza, midomo yake huufuata.