Mradi wa tagi za michoro, wiki ya sita: ndege, kanga na balaa zingine

Wiki hii nilipanga kumaliza kuwekea tagi michoro yangu mia, yaani yale maneno ya kuitafutia kwa kompyuta, nimemaliza 38. Kuskeni kuliisha kitambo, yote 340 iko kwa hard disk, shida sasa ni maneno.

Ilianza na ndege. Niko na michoro kama ishirini ya wale korongo wa karibu na Nyayo Stadium, wale hukaa juu ya miti barabara ya Mombasa wakingoja kukuharibia shati, nikaipa yote tagi "ndege" bila kufikiria. Nikabonyeza tagi nione zimekaaje pamoja, katikati ya korongo ikatokea ile ndege niliichora ikipaa pale uwanja wa ndege wa Wilson. Sawa, nikasema basi nitumie "korongo" peke yake, kumbe korongo pia ni bonde lililochimbwa na maji, na niko nalo moja nililichora Ngong. Hapo nikafunga laptopu nikaenda kutafuta chai.

Nimesoma kuhusu Iconclass, ule mfumo wa Waholanzi, huko picha inapewa namba badala ya neno, ndege wote wako chini ya 25F3, na namba haina maana mbili. Lakini nani atakuja kutafuta korongo wa Nairobi akitaipu 25F3? Nimeamua kuunganisha: "ndege-manyoya" na "ndege-abiria". Inakaa vibaya lakini inafanya kazi.

Kanga nayo ilinimaliza. Kuna kanga anayekimbia na madoadoa yake, na kuna kanga mama amejifunga kiunoni. Nikasema rahisi, ile nguo tuiite leso kama tunavyoiita hapa Kenya. Rafiki yangu wa Dar akaangalia akaniuliza, "Mbona huyu mama amejifunga leso kiunoni, inamtosha kweli?" Manake kwao leso ni ile ya kupengea kamasi. Sasa mchoro mmoja uko na leso, kanga-nguo, na "kitambaa" juu yake, akija mtu wa upande wowote ataupata.

Kitu kingine sikuwa nimefikiria ni wingi. Kiswahili kinabadilisha neno mwanzoni, kwa hivyo ukiandika "mwavuli" mashine haikuletei "miavuli" hata kidogo, herufi ya pili tu mshaachana. Nilikuwa na mti 14 na miti 22 kama vitu viwili tofauti. Sheria mpya: umoja kila mahali, hata kama ni msitu mzima. Macho tu nimeyaachia, hakuna mtu hutafuta jicho.

Na rangi! Gari jekundu, nyumba nyekundu, kitambaa chekundu, mtu mwekundu (huyo alikuwa amechomwa na jua la Uhuru Park). Tagi nne za rangi moja. Zote sasa ni "rangi-nyekundu", kazi ya jioni mbili hiyo, na stima ikapotea katikati nikarudia michoro tisa.

Lakini ile imenifunza zaidi wiki hii ni mchoro wa mzee anasukuma mkokoteni wa viazi Gikomba. Niliuweka mkokoteni, viazi, mzee, mvua, halafu nikaongeza "umaskini" kwa sababu ilisikika vizuri. Jirani yangu huuza hapo mitumba, nikamwonyesha, akasoma tagi akacheka hadi akashika ukuta.

"Nani amekuambia huyu ni maskini? Huyu mzee ako na ploti Kayole, mimi ndio namlipa renti."

Nimeitoa. Nikarudi nyuma nikatoa pia "upweke" mahali nane na "matumaini" mahali tatu, ile ya matumaini moja ilikuwa ni mtoto anangoja mutura iive. Sasa naandika kile kinachoonekana kwa karatasi, mkokoteni ni mkokoteni. Hisia naziweka kwa maelezo chini, na hapo nasema ni zangu.

Zimebaki 112. Ya kesho ni jikoni kwa nyanya ya rafiki yangu kule Lamu, ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi, na mlangoni kuna mbuzi mwingine, huyu wa miguu minne, anamwangalia.