Nilivyojenga Mkusanyo wa Vitu vya Askari wa Vifaru wa Marekani kwa Kipato cha Kawaida

Kambi ya Fort Knox iko mwendo wa chini ya saa moja kwa gari kutoka Louisville, mji ninaoishi tangu nilipohamia jimbo la Kentucky, na ndiko yalikowekwa makao ya jeshi la vifaru la Marekani lilipoundwa tarehe 10 Julai 1940 chini ya Jenerali Adna Chaffee. Kwa sababu hiyo, vitu vya askari wa vifaru wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia huku havipatikani kwenye makumbusho tu. Hutoka darini na kwenye magereji ya nyumba za kawaida, pale wazee wanapofariki na watoto kuamua kuuza kila kilichomo. Mimi nafanya kazi ghalani zamu ya usiku, na mkusanyo wangu wote unaenea katika kabati moja na masanduku machache. Naeleza hapa namna nilivyoujenga bila kugusa fedha ya kodi na chakula, na bila kujaza kabati vitu vya kughushi, jambo ambalo ndilo gumu zaidi.

Uamuzi ulionisaidia kuliko wowote ni kuacha mapema vitu ambavyo wengi huvikimbilia. Silaha sikuzigusa, kwa sababu zina sheria zake na bei zake. Nishani nazo niliziweka kando: Nishani ya Heshima, ambayo ndiyo ya juu kabisa, sheria ya shirikisho inakataza kuiuza, na nyingine, ingawa huuzwa kihalali, nafsi yangu haikupenda kuzinunua. Kofia ngumu za wafanyakazi wa vifaru, zile zenye matundu ya hewa na vifuniko vya ngozi masikioni, nazipenda sana. Baadhi zilitengenezwa na kampuni za vifaa vya michezo kama Rawlings na Wilson, nazo zilikusudiwa kumkinga mtu asijigonge kichwa ndani ya kifaru, si kuzuia risasi. Lakini nzima yenye vipokea sauti vyake vya asili ingenigharimu mshahara wa wiki kadhaa. Nikabaki na nguo na karatasi.

Katika nguo nilikuwa na mtaji ambao wenzangu wa hapa hawakuwa nao. Nimekulia Ilala, na kabla ya kusafiri niliwahi kuuza mitumba soko la Karume, kazi inayomfundisha mtu kusoma mshono, zipu na lebo kwa vidole kabla jicho halijafika. Jamaa yangu mmoja tuliyetoka naye Dar es Salaam, aliponiona nikilipia jaketi lililotobolewa na nondo, aliniambia, "Kaka, hela yote hiyo kwa nguo ya marehemu? Karume si ungepata belo zima!" Sikumbishia, maana kwa hesabu ya Karume alikuwa na haki.

Nilianza na beji za kitambaa za begani kwa kuwa ndizo za bei nafuu. Za divisheni zilizokuwa na askari wengi hupatikana hata kwa dola 15. Umbo lake ni pembetatu yenye rangi tatu: njano ya wapandafarasi, bluu ya askari wa miguu na nyekundu ya wapiga mizinga, kwa kuwa jeshi la vifaru lilikusanya kazi za wote hao. Katikati kuna mnyororo wa kifaru, mzinga na radi nyekundu, na juu kuna nambari ya divisheni. Divisheni zilikuwa 16, kuanzia ya 1 hadi ya 14, kisha ya 16 na ya 20, kwa hiyo anayetaka seti kamili anaweza kuimaliza. Askari wa Divisheni ya 2 walikuwa na desturi ya kuivaa kifuani upande wa kushoto badala ya begani, na hilo husaidia: jaketi lenye nambari 2 begani linastahili kuulizwa swali la ziada.

Beji za wakati wa vita zilidariziwa kwa uzi wa pamba na kukatwa pembezoni. Pindo nene lililozungushiwa uzi kama kamba lilienea katika miaka ya 1960, hivyo mwenye kukuonyesha beji yenye pindo hilo na kukuapia kwamba babu yake aliivaa vitani Normandia, Ufaransa, mshukuru na uendelee na safari. Kisha kuna taa ya urujuanimno (ultraviolet), ambayo wauzaji wengi hupenda kuitumia mbele ya mnunuzi. Nyuzi nyingi za kisasa hung'aa chini ya mwanga huo, ilhali pamba ya zamani hubaki imefifia. Tatizo ni kwamba sabuni za unga zilizokuja baada ya vita zina kemikali za kung'arisha, kwa hiyo beji halali iliyofuliwa na mama wa nyumbani mwaka 1958 inaweza kung'aa kama ya jana, na beji ya kughushi iliyoshonwa kwa pamba tupu inaweza isitoe mwanga wowote. Mimi huitumia taa hiyo mwisho kabisa, baada ya kukagua upande wa nyuma, mvutano wa uzi na kufifia kwa rangi, na haijawahi kuamua jambo peke yake.

Jaketi la majira ya baridi la askari wa vifaru ndilo kiini cha mkusanyo wangu. Nje ni pamba ngumu ya rangi ya kijani kibichi iliyochujuka, bitana ni ya sufu, na ukosi, ncha za mikono na kiuno vimefumwa ili visiruhusu upepo. Ya mwanzo yalikuwa na mifuko ya kushonewa juu, na yaliyofuata yana mifuko ya kuchanwa upande. Langu ni la aina ya pili. Nilipoligeuza ndani nje, nilianza na zipu, ambayo kwa kawaida hubeba jina la mtengenezaji kwenye kivutio. Talon, Crown na Conmar ni majina yaliyotumika kweli. Hata hivyo zipu huweza kubadilishwa, kwa hiyo niliangalia pia kama uzi unaoishikilia unalingana kwa rangi na uzi wa mishono mingine, na kama matundu ya sindano ni ya safu moja tu. Baadaye niliinua kidogo ukingo wa beji. Kitambaa kilichokuwa chini yake kilikuwa cheusi zaidi kuliko kile cha pembeni, na kivuli hicho kilifuata pembetatu ile bila kupishana. Jua halighushiki kirahisi. Mwenye kuliuza alinisimulia habari ndefu ya mapigano ya Bastogne kule Ubelgiji na ya Jenerali Patton, kamanda mashuhuri wa vifaru, nami nilimsikiliza kwa adabu, kisha nikampa bei ya jaketi lisilo na habari yoyote. Alikubali.

Kile nilichokitafuta hasa kilikuwa kwenye bitana karibu na ukosi: herufi moja na tarakimu nne za wino. Jeshi la Marekani liliwataka askari kuziwekea nguo zao alama ya dobi, yaani herufi ya kwanza ya jina la ukoo na tarakimu nne za mwisho za nambari ya jeshi. Alama hiyo peke yake haimtaji mtu, lakini ukiwa na jina la kukisia, inaweza kulithibitisha au kulikanusha. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani imeweka wazi mtandaoni rekodi za kuandikishwa jeshini za watu wapatao milioni 9, zenye jina, nambari, mwaka wa kuzaliwa, kaunti na kazi aliyokuwa akiifanya mtu uraiani. Hazisemi alipelekwa kikosi gani. Kwa hilo ilipasa kutegemea mafaili ya askari yaliyoko St. Louis, jimbo la Missouri, na hapo ndipo wengi wetu hukwama, kwa sababu moto wa tarehe 12 Julai 1973 uliteketeza kati ya milioni 16 na 18 ya mafaili hayo, yakiwemo takriban asilimia 80 ya yale ya askari wa nchi kavu walioacha jeshi kati ya mwaka 1912 na 1960. Kinachobaki ni ripoti za kila asubuhi za vikosi, zinazoonyesha nani amejeruhiwa, amehamishwa au amerejea.

Ndiyo maana nilihamia kwenye bahasha, ambazo naziona kuwa ndizo kitu bora kwa mtu wa kipato changu. Bahasha ya askari aliyekuwa vitani ina jina lake kamili, nambari yake ya jeshi, kombania na kikosi chake, mhuri wa tarehe, alama ya mkaguzi wa barua, na mahali pa stempu ameandika kwa mkono kwamba inakwenda bure. Nambari ya posta ya kijeshi nayo inasaidia sana, kwa kuwa kwa divisheni za vifaru mara nyingi iliifuata nambari ya divisheni yenyewe: ya 3 ilitumia 253, na ya 4 ilitumia 254. Yote hayo huuzwa kwa dola chache, na kwa bei hiyo mghushi hapati faida ya kumfanya akeshe.

Kikosi ambacho kimenishughulisha kuliko vyote ni cha vifaru cha 761, cha askari weusi, kilichoundwa Camp Claiborne, Louisiana, tarehe 1 Aprili 1942, na kuingia vitani Ufaransa Novemba 1944 chini ya Jeshi la 3 la Patton. Kilipigana siku 183. Sajini Ruben Rivers wa kikosi hicho aliuawa mwezi huohuo wa Novemba, naye akapewa Nishani ya Heshima mwaka 1997; kikosi kizima kilikuwa kimetunukiwa na Rais Carter mwaka 1978. Kwa kuwa kimepata umaarufu, vitu vyake vinaghushiwa mno, na beji za chui mweusi, nembo ya kikosi hicho, nilizowahi kuonyeshwa zote zilikuwa na lile pindo nene la baada ya vita. Bahasha ya askari wake mmoja niliipata ndani ya rundo la barua za familia tofauti, muuzaji akiwa hajasoma anwani ya mtumaji. Niliichukua pamoja na rundo zima, nikaiweka kwenye karatasi isiyo na asidi mbali na dirisha, na jina lililoandikwa juu yake nikalikuta katika rekodi za uandikishaji likiwa na nambari ileile. Sasa nimeomba nakala za ripoti za asubuhi za kombania yake za majira yale ya baridi, ili nijue alikuwa ndani ya kifaru au kwenye malori ya mafuta.