Umande wa saa 10 alfajiri: nilivyowalaza wanafunzi 42 ufukweni Bagamoyo

Nafundisha Jiografia. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma. Habari ya kupwa na kujaa kwa bahari nimeichora ubaoni miaka nenda rudi: jua huku, dunia kati, mwezi kule, mishale ya chaki ya rangi. Na bado, mwezi wa 6 mwaka juzi, niliwachukua vijana 42 wa kidato cha pili kutoka Dodoma nikaenda kuwalaza kwenye njia ya maji.

Lawama kidogo nampa mwalimu mwenzangu, ambaye aliwahi kukaa Pwani miezi mitatu na tangu hapo ni bingwa wa Pwani. Aliniambia: "Ticha, hema piga karibu na maji. Upepo unafukuza mbu. Na mablanketi ya nini? Kule ni joto tu." Nikamsikiliza. Nikawaambia wanafunzi shuka moja moja inatosha.

Basi lilituharibikia mbele kidogo ya Chalinze, tukakaa pale hadi watoto wakawamaliza wauza mahindi. Bagamoyo tukaingia saa 2 usiku. Mwezi ulikuwa umejaa, mweupe pe, na bahari ilikuwa mbali kabisa, mstari tu unaong'aa kule. Mlinzi wa eneo tulilokodi akatuonyesha juu, nyuma ya minazi. "Wengi wanalala kule, mwalimu." Nikamshukuru, nikateremka na watoto wangu chini kwenye upepo.

Na mchanga wa kule chini ulikuwa mtamu! Mgumu, tambarare, kigingi ukikigonga mara mbili kimeshika. Mahema 9 yalikuwa yamesimama ndani ya nusu saa. Mwanafunzi mmoja akaugusa mchanga akasema, "Mwalimu, mbona una majimaji?" Nikamjibu kwa sauti ya mtu mwenye shahada: "Huo ni umande."

Saa 10 alfajiri umande ukaingia ndani ya mahema.

Haukuja kwa mawimbi ya kutisha, hapana. Ulikuja taratibu, kama mtu anayemwaga beseni sebuleni. Niliamka nikidhani kuna aliyeangusha dumu. Nikanyoosha mkono kutafuta tochi, nikashika kiatu kinachoelea. Nje, matroni alikuwa ameshaanza kuita majina, kanga kaifunga mabegani, maji yamemfika kwenye vifundo. Tulihesabu 42, tukahesabu tena 42, ndipo nikapumua. Mizigo tuliibeba kichwani kwenda juu kwa minazi, hema tuliziburuta zikiwa zimejaa maji kama magunia ya viazi. Hasara: sukari yote, mikate, na heshima yangu. Na upepo wa kusi ukakumbuka kazi yake saa hiyohiyo. Watoto wa Dodoma, waliozoea baridi ya kwao, walitetemeka Pwani kwenye "joto tu". Wakiwa na shuka moja moja nilizoagiza mwenyewe.

Kulipokucha akapita bibi mmoja na ndoo yake ya vitumbua. Shikamoo zikamiminika.

"Marahaba wanangu. Poleni. Kwani mwalimu wenu hajui kuwa ni bamvua?"

Nikataka kueleza. Akaninyooshea kidole kwenye mstari mweusi wa mwani mkavu, vifuu na vijiti, uliopita ufuko mzima, juu sana ya pale tulipolala.

"Ule mwani mwanangu, unadhani kaupanga nani?"

Nilinunua ndoo nzima ya vitumbua ili anyamaze. Lakini mengine yote ya bahari niliyapata kwake. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Kati ya hapo ni maji mafu, bahari inapanda kivivu. Mimi nilikuwa najua kwamba bamvua la pwani hii linapita mita 3 kati ya kupwa na kujaa, nimelifundisha. Sikujua tu kwamba linaweza kunihusu. Na kila siku maji yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo ukijua saa ya jana umeijua ya leo. Kwa hesabu hiyo nilipanga kuogelea, na kuogelea kwenyewe ni mwisho magotini, wawili wawili, filimbi ikilia kila mtu na mwenzake.

Sasa kule juu kukawa na tatizo jingine. Mchanga mkavu haushiki kigingi. Unakigonga, kinazama kama kwenye unga, ukivuta kamba kinakuja na tabasamu. Tukajaribu kufunga kamba kwenye minazi; mlinzi akaja mbio kutuonyesha nazi zilizo juu ya vichwa vyetu. Tukasogea. Tukaweka madumu ya maji juu ya vigingi. Jioni kusi likavuma, hema la wavulana likaondoka na dumu lake mpaka kwenye uzio, wenyewe wakilikimbiza kwa vifijo.

Hapo ndipo nilipojirudishia heshima kidogo, na naomba mnisikilize vizuri. Nilikwenda sokoni nikanunua viroba vitupu vya salufeti, vile vya unga, kama mia tano kimoja, vinne kwa kila hema. Na kamba ya manila. Jumla sijui, elfu ishirini na kitu. Kiroba unakijaza mchanga nusu tu, unakifunga shingo, kamba unaifunga kiunoni mwake, siyo shingoni, ikivutwa shingoni kinasimama na kutoka. Unachimba shimo la kufika goti, unakilaza ubavu, ubavu wenyewe uangalie hema. Halafu hii ndiyo siri: kabla ya kufukia, unachimba kijifereji cha mteremko ili kamba itoke shimoni ikiwa imelala kuelekea hema. Ikitoka wima inakinyanyua kiroba. Fukia, kanyagakanyaga, mwaga ndoo ya maji ya bahari, kanyaga tena. Niliwaambia vijana wanne wenye miili wavute. Walivuta mpaka wakakaa chini. Kiroba kimya.

Usiku wa pili kusi lilipiga kweli. Hema zilivimba kama matanga ya jahazi, hakuna iliyokwenda popote. Nilizunguka na tochi nikizigusa kamba moja moja, kazi isiyo na maana yoyote, ila raha yake siwezi kuieleza.

Sitawadanganya kwamba kero ziliisha. Wali ulikuwa na mchanga siku zote tatu, ukitafuna unasikia kwenye fizi. Maji ya kisima yalikuwa na chumvichumvi, sabuni haitoi povu. Wavulana waliotembea na kaptula mbichi za maji ya bahari walichubuka mapaja, wakawa wanatembea kama mabaharia. Oga maji baridi, vaa kikavu, hakuna dawa nyingine. Mbu kwa upepo ule ni kweli walikuwa wachache, hapo mwenzangu namwachia. Ila upepo ukitulia jioni wanatoka usubi, hata huwaoni, unaona tu watu wanajipiga makofi. Bibi wa vitumbua alituambia tuchome makumbi ya nazi. Tulitoka tukinuka moshi, lakini tulilala.

Usiku huohuo wa pili watoto wenyewe waliniomba niwaamshe kabla ya saa 11. Tulikaa kwenye mstari wa mwani, mashuka mabegani, tukingoja. Vikaa vya mchangani vilikuwa vinakimbia mbele ya maji kama vimetumwa. Maji yakapanda, yakapanda, yakafika hatua tano au sita kutoka kwenye vidole vyetu, yakasita, yakaacha povu na kuanza kurudi. Watu 42 wakapiga makofi. Binti mmoja alikuwa ameionja bahari tangu siku ya kwanza, akasema "kumbe kweli ni chumvi", na sasa alikuwa anajaza chupa ya nusu lita ampelekee bibi yake, maana hatamwamini.

Siku ya tatu tukaenda magofu ya Kaole. Nikawaeleza habari ya misikiti ya mawe, kwamba makazi yale yalianza karne ya 13, na kwamba bandari yake ilizibwa na matope na mikoko hadi vyombo vikashindwa kufika. Kijana mmoja wa nyuma akasema, kwa sauti aliyodhani ni ndogo: "Wenzetu maji yaliwakimbia. Sisi yalitufuata."

Tuliporudi shule nikaingia darasani, nikachora jua, dunia na mwezi, nikaweka mishale. Nikauliza kama kuna swali. Mkono mmoja ukanyooka.

"Mwalimu, umande tuuchore upande gani?"