Siku Moja Maishani Mwangu: Vyumba Viwili vya Nyalenda

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mvua imenyesha usiku kucha, na Kisumu ikinyeshewa simu yangu hailali. Ujumbe wa kwanza ni wa mama mmoja wa Nyalenda: amekesha akihamisha godoro la watoto kutoka kona hadi kona. Namjibu kabla sijabandika chai.

Ninaratibu mfuko mdogo wa mtaa unaosaidia familia zilizokwama kulipa kodi ya nyumba. Zamani tulikuwa tunamlipia mpangaji mwezi mmoja au miwili, basi. Pesa ilifika kwa mwenye ploti, paa likabaki vilevile, na baada ya muda familia ileile ikarudi mlangoni kwetu. Sasa tunakarabati vyumba vilivyoharibika, naye mwenye ploti anaturudishia kwa kupunguza kodi.

Saa mbili niko na fundi kwenye ploti ya vyumba vinane. Viwili vimefungwa tangu mvua za mwaka jana. Kuta ni za udongo na fito, zimepigwa plasta ya saruji kwa nje. Mpita njia ataona nyumba nzuri tu. Fundi anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anagonga chini kidogo. Karibu na sakafu mlio unabadilika. Plasta imeachana na udongo, na ndani maji yamekula fito. Huku kwetu udongo ni ule mweusi, unavimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na maji ya ardhini yako karibu mno, hata vyoo vya shimo hufurika msimu wa masika. Kwa hiyo tunaanza na mtaro nyuma ya nyumba, halafu paa, halafu ukuta. Sakafu ni ya mwisho. Kuna ploti tuliyomwaga sakafu kwanza, ikapasuka kabla mwaka haujaisha, na saruji ile bado inaniuma.

Saa tano naketi na mwenye ploti chini ya mwembe. Sehemu hii ya siku ndiyo ninayoijali kuliko zote. Nyumba ikitengenezwa, kodi hupanda, na yule uliyetaka kumsaidia anakuwa wa kwanza kufungasha. Nimeliona likitokea. Ndiyo maana hatupigi hata msumari mmoja kabla ya sahihi.

Namwandikia hesabu kwenye daftari. Ukarabati wa vyumba viwili ni shilingi 60,000. Kodi ya chumba hapa ni 2,000. Familia italipa 1,000, naye ataiachilia 1,000 nyingine kila mwezi kwa miezi 36. Vyumba viwili, jumla 72,000. Zile zinazozidi ni ahsante yake kwetu kwa kumfufulia vyumba ambavyo leo havimwingizii hata senti.

"Nyathina, mwanangu, na miaka mitatu ikiisha?" ananiuliza.

"Jaduong', mzee wangu, paa ni lako, na ukuta ni wako."

Ananyamaza. Kisha anauliza swali la haki kabisa: je, mpangaji akishindwa hata na ile elfu moja? Ploti hii ndiyo pensheni yake. Tunaandika kwamba mfuko utasimamia miezi miwili, baada ya hapo tutaketi sote watatu mbele ya mzee wa mtaa. Namkumbusha pia kwamba Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba, Sura ya 296, inamlinda mpangaji wa nyumba ya kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi. Wapangaji wengi ninaokutana nao hawajawahi kuisikia. Mkataba wa namna hii si wazo geni: Marekani ilianza mwaka 1978 kuambatanisha ruzuku ya kodi na nyumba zilizokarabatiwa, kwa mikataba ya miaka 15 na wenye nyumba. Kule ilikuwa hazina ya serikali. Sisi tunachanga, na miaka mitatu ndiyo nguvu yetu.

Anatia sahihi saa sita na robo.

Chakula cha mchana ni ugali na omena, haraka haraka. Saa nane niko dukani kuulizia mabati. Muuzaji ananisukumia geji 32 kwa sababu ni rahisi. Nashikilia geji 30, nene zaidi, maana paa hili lazima lipite mkataba.

Saa kumi jioni kamati inakutana. Familia tatu, vyumba viwili. Bibi anayelea wajukuu wanne anapata cha kwanza bila ubishi: pesa za wazee za Inua Jamii ni 2,000 kwa mwezi, yaani kodi ya sasa inazimaliza zote. Cha pili kinatuchukua saa nzima. Tunampa baba ambaye mwanawe hatembei, kwa kuwa chumba hicho hakina ngazi na choo kiko hatua chache tu. Sina shaka na uamuzi huo, na bado moyo wangu ni mzito, kwani familia ya tatu ni ya yule mama wa alfajiri.

Saa mbili usiku nampigia. Sitaki asikie kwa jirani. Ananyamaza kidogo, halafu ananiuliza kama mwenye ploti wake mwenyewe anaweza kuzungumzishwa.

"Yuko nyumbani kesho asubuhi?"

"Yupo, dada."

Namwambia nitafika saa mbili, na fundi.