Kwaya isiyo na besi

Jana jioni, baada ya mazoezi ya kwaya yetu hapa Kariakoo, tulibaki akina mama saba tukasikiliza rekodi za Lorelei Ensemble, kundi la wanawake pekee ambao kuimba ndiyo kazi yao, lililoanzishwa na Beth Willer huko Boston, Marekani, mwaka 2007. Kilichonigusa zaidi ni kwamba huwaomba watunzi walio hai wawaandikie nyimbo mpya. Mwaka 2022 waliimba pamoja na okestra ya Nashville utunzi wa Julia Wolfe unaohusu mapambano ya wanawake wa Marekani kupata haki ya kupiga kura.

Mimi huimba sauti ya pili, yaani alto, huu ukiwa mwaka wa kumi na mbili, na karibu kila wimbo niliojifunza uliandikwa kwa sauti nne, kiasi kwamba siku watu wa besi, wanaume wa sauti nzito ya chini, wasipofika tunaona ni afadhali kuahirisha mazoezi. Kumbe alto ya chini kabisa inaweza kuubeba wimbo mzima, huku sauti za juu zikisogeleana, noti kwa noti jirani, mpaka hewa inatetemeka masikioni! Nilisisimka mwili.

Kabla hatujaagana, mwenzetu mmoja aligeuza karatasi yake ya solfa, yaani noti za do, re, mi, akaanza kuandika nyuma yake kwa penseli, akifuta na kuandika upya, huku akiimba kwa sauti ya chini. Ameahidi kutuletea ubeti wa kwanza Alhamisi, kwa sauti tatu, zote za wanawake.